Bata Mzinga wa Novemba na Hesabu ya Jikoni

Msikilizaji, kila mwaka ifikapo katikati ya Novemba, supamaketi za Marekani hufanya jambo ambalo mfanyabiashara wa Kariakoo angelikataa papo hapo. Nyama inayotafutwa na karibu kila nyumba kwa ajili ya siku moja hushushwa bei wakati watu wanaihitaji zaidi. Mwaka 2022 takwimu za Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo zilionyesha kwamba bata mzinga mzima aliyegandishwa alitangazwa kwa wastani wa dola 1.11 kwa ratili kati ya tarehe 3 na 9 Novemba. Wiki iliyofuata bei ya matangazo ilikuwa senti 95. Asilimia 14 zilipungua ndani ya juma moja, na sikukuu yenyewe ilikuwa bado haijafika.

Kwetu mambo huenda kinyume. Mbuzi wa Krismasi na kuku wa Idi hupanda kadiri siku inavyokaribia, na mnunuzi mwenye busara hununua mapema na kumfuga uani. Mtu aliyelelewa katika soko la namna hiyo akifika Ohio, Kentucky au Maine, hutumia busara ileile na hupata hasara. Hukimbilia kununua bata mzinga mwishoni mwa Oktoba, halafu wiki mbili baadaye humwona ndege yuleyule, chapa ileile, kwa bei ya chini zaidi. Inafaa basi kueleza bei hiyo rahisi inatoka wapi. Ina sababu zake, na asiyezijua huokoa dola tano kwenye ndege na kuzipoteza kumi kwenye rafu nyingine.

Sikukuu inayozungumzwa ni ile ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kitaifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hata tarehe yake ilishikwa mkono na biashara. Mwaka 1939 Novemba ilikuwa na Alhamisi tano, na wenye maduka walilalamika kwamba sikukuu ikiangukia tarehe 30 msimu wa manunuzi ya Krismasi utakuwa mfupi. Rais Franklin Roosevelt akaivuta nyuma kwa wiki moja. Majimbo yakagawanyika, mengine yakifuata tarehe mpya na mengine yakishikilia ya zamani, mpaka Bunge lilipopitisha sheria mwaka 1941 na kuiweka Alhamisi ya nne. Toka hapo maduka yanajua miezi mingi kabla ni siku gani hasa mamilioni ya toroli yatapita mlangoni.

Wafugaji nao wanajua. Yai la bata mzinga huatamiwa siku 28. Jike huwa tayari kwa kuchinjwa baada ya wiki 14 hivi, dume baada ya wiki 18 hivi. Chama cha kitaifa cha wafugaji wa ndege hao hukadiria kwamba Wamarekani hula bata mzinga takriban milioni 46 siku ya Shukrani peke yake, na hakuna machinjio yanayoweza kushughulikia idadi hiyo ndani ya wiki moja. Kwa hiyo kuchinja huendelea mwaka mzima, ndege hugandishwa na kurundikwa katika maghala ya baridi. Akiba hiyo hupanda tangu mwanzo wa mwaka, hufika kileleni karibu na mwisho wa kiangazi, kisha humwagwa madukani hadi Desemba. Kampuni kubwa za maduka huwa zimekwisha kukubaliana na wazalishaji juu ya idadi na bei miezi mingi kabla. Ndege aliyegandishwa ambaye mnunuzi anamkuta Novemba alikwisha kupatanwa zamani, na msongamano wa wateja wa wiki hiyo haumpandishi bei.

Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ndiyo nzito.

Maduka mengi humuuza bata mzinga aliyegandishwa kwa bei ya kununulia, na mara nyingi kwa hasara kabisa. Hufanya hivyo kwa makusudi. Ndege huyo ni chambo. Mama anayeingia kumfuata kwa senti 97 kwa ratili hatoki na ndege peke yake: atatoka na siagi, viazi, maziwa, unga, karoti, soda, sinia la karatasi ya alumini, na pai ya boga iliyopangwa karibu na keshia. Hasara ya ndege hurudishwa na vitu hivyo, na ziada hubaki.

Mwaka 2025 ulilithibitisha jambo hili waziwazi. Mafua ya ndege, ambayo yamekuwa yakizunguka katika mabanda ya Marekani tangu 2022, yalikuwa yameua au kulazimisha kuuawa kwa ndege wengi, na walaji nao wamekuwa wakipunguza kula nyama hiyo kwa miaka. Makadirio yalikuwa ndege milioni 195 kwa mwaka huo, idadi ndogo kuliko zote katika kipindi cha miaka 40 hivi. Bei ya jumla ikaruka juu. Kwa mantiki ya kawaida bei ya dukani ingefuata. Lakini shirikisho la wakulima liitwalo American Farm Bureau, ambalo limekuwa likipima gharama ya mlo wa Shukrani wa watu kumi tangu 1986, lilikuta bata mzinga wa ratili 16 akiuzwa kwa wastani wa dola 21.50. Mwaka mmoja kabla alikuwa dola 25.67. Mwaka 2022, mlo mzima ulipovuka dola 60, ndege huyo alikuwa dola 28.96.

Sasa tazama upande wa pili wa meza katika kipimo hichohicho cha 2025. Viazi vitamu vilipanda kwa asilimia 37. Karoti na figili za kutafuna kabla ya chakula zilipanda kwa zaidi ya asilimia 60. Maziwa yalipanda kwa asilimia 16. Mlo mzima ulishuka kidogo hadi dola 55.18, na kilichoushusha zaidi ni ndege. Aliyekwenda dukani akiwa na macho kwa bata mzinga tu alifurahi mlangoni na kuguna mbele ya keshia.

Ndiyo maana matangazo ya mlo kamili yanahitaji kusomwa kwa utulivu. Mwaka huohuo Walmart walitangaza kikapu cha Shukrani kwa watu kumi kwa chini ya dola 4 kwa kila mtu, ndani yake mkiwa na bata mzinga wa chapa ya Butterball kwa senti 97 kwa ratili. Mwaka 2024 kikapu chao kilikuwa cha watu wanane kwa chini ya dola 7 kwa mtu. Rais Donald Trump alikitaja kikapu cha 2025 kama ushahidi kwamba maisha yameshuka bei. Waliofungua orodha zote mbili na kuziweka ubavuni waliona kwamba kikapu kipya kilikuwa na vitu vichache, na vingi zaidi vilikuwa vya chapa ya duka lenyewe. Hakikuwa kikapu kibaya. Kwa familia yenye dola 40 na wageni kumi kilikuwa msaada wa kweli, na Aldi nao waliuza mlo wa watu kumi kwa dola 40 mwaka huo. Lakini kukilinganisha na cha mwaka uliotangulia ni kulinganisha debe na pishi. Mwenye nyumba anachohitaji kujua ni bei ya kila kitu kilichomo, kwa ratili au kwa kipande, na kama vitu hivyo vyote vinalika nyumbani kwake.

Kuna pia ndege wa bure, na hao wanastahili hesabu ya peke yao. Kwa miaka mingi ShopRite, mtandao wa maduka wa New Jersey na majimbo jirani, wamekuwa wakitoa bata mzinga au paja la nguruwe bila malipo kwa mteja ambaye kadi yake imerekodi manunuzi ya dola 400 kuanzia katikati ya Oktoba hadi Shukrani. BJ's, duka la wanachama, wamewahi kutoa Butterball kwa anayenunua vitu vya dola 150 kwa safari moja. Huko Texas, maduka ya H-E-B huwapa ndege wale wanaonunua paja la nguruwe lililokatwa. Je, ni bure kweli? Familia ya watu sita inayotumia dola 80 kwa wiki kwa chakula hufikisha dola 400 ndani ya wiki tano bila kujisumbua. Kwao ni zawadi halali. Mzee anayeishi peke yake na kutumia dola 35 kwa wiki akijilazimisha kufika huko, atakuwa amenunua vitu vya karibu dola 200 asivyovihitaji ili apate ndege wa dola 15. Huyo angefanya vizuri kumnunua tu.

Tuingie sasa kwenye jokofu la duka lenyewe, maana humo ndimo macho hudanganyika.

Ndege "freshi" hugharimu zaidi kuliko aliyegandishwa, mara nyingi kwa tofauti kubwa. Kwa kanuni za Marekani neno hilo humaanisha kwamba nyama haijawahi kushushwa chini ya nyuzi 26 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 3 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Halimaanishi kachinjwa jana. Aliyegandishwa vizuri mara tu baada ya kuchinjwa hana sababu ya kuwa duni, na ndiye anayebeba punguzo. Dume na jike hawatofautiani kwa ulaini. Jike kwa kawaida huwa chini ya ratili 16, dume zaidi ya hapo, na ndege mkubwa hutoa nyama zaidi kwa kulinganisha na mifupa. Maandishi ya kujisifu kwamba ndege hakupewa homoni yasimpandishie mtu bei hata senti moja: sheria ya nchi hiyo hairuhusu homoni kwa ndege yeyote wa nyama, hivyo wote ni sawa.

Maandishi yanayofaa kutafutwa ni yale madogo, yanayosema ndege ameongezwa maji ya chumvi na viungo kwa asilimia kadhaa ya uzito wake. Ni jambo halali na huifanya nyama isikauke. Ila maji hayo hupimwa pamoja na nyama. Ndege wa ratili 16 mwenye asilimia 8 ya maji hayo ana zaidi ya ratili nzima ya maji yaliyolipiwa bei ya nyama, na mwenye shinikizo la damu ndani ya nyumba anapaswa kuijua chumvi hiyo kabla haijafika mezani.

Hesabu ya kiasi si ngumu. Ratili moja, ambayo ni kama gramu 454, humtosha mtu mmoja kwa ndege mwenye mifupa. Lakini anayenunua kwa ajili ya kuweka akiba hahesabu watu wa siku moja. Yeye hulinganisha nyama na nyama. Bata mzinga mzima hutoa nyama iliyopikwa ipatayo kama nusu ya uzito wake. Akinunuliwa kwa senti 97 kwa ratili, nyama tupu iliyoiva imegharimu karibu dola 2 kwa ratili, na mifupa ya supu haijahesabiwa. Mwaka 2025 wastani wa bei ya nyama ya ng'ombe ya kusaga nchini Marekani ulivuka dola 6 kwa ratili, ikiwa mbichi, na sehemu ya uzito wake ni mafuta yanayoishia sufuriani.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Watu wengi humchukulia bata mzinga kama chakula cha sherehe, humnunua mmoja, humla siku tatu mfululizo mpaka watoto wanaomba msamaha, kisha humsahau mwaka mzima. Kwa wiki mbili za Novemba huyu ni miongoni mwa nyama rahisi kuliko zote katika nchi hiyo. Nyumba yenye friza na kipato kidogo ingewanunua wawili au watatu, imle mmoja katika sikukuu, na waliobaki iwagawe kwa miezi. Wizara ya Kilimo inasema bata mzinga mzima aliyegandishwa kwa nyuzi 0 za Fahrenheit, sawa na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa Selsiasi, hubaki na ubora wake hadi mwaka mmoja. Ndege wa Novemba anaweza kuwa pilau ya Pasaka na mchuzi wa nazi wa Julai.

Maduka huweka kikomo, ndege mmoja au wawili kwa kila mteja, na mara nyingi hudai mteja awe amenunua vitu vingine vya kiasi fulani kwa safari hiyo. Kikomo hicho ni kwa kila safari au kila kadi, kutegemea duka, na maandishi madogo ya kipeperushi hueleza. Mume na mke wenye kadi mbili ni wateja wawili. Manunuzi ya wiki yakigawanywa mara mbili, bila kuongeza chochote, hutoa ndege wawili.

Na mtu atajuaje kwamba senti 97 ni bei nzuri na dola 1.49 si nzuri? Kwa kuandika. Mwaka 1990 mwanamke mmoja wa mji mdogo wa Leeds, Maine, Amy Dacyczyn, alianzisha jarida la kubana matumizi lililoitwa The Tightwad Gazette, na moja ya mbinu alizozieneza ni daftari la bei: kijitabu cha mfukoni chenye ukurasa kwa kila bidhaa, tarehe, duka na bei kwa ratili. Baada ya miezi michache mwenye daftari huona mzunguko. Huona kwamba duka fulani hushusha kuku kila wiki ya nne, na kwamba bango la njano lenye neno la punguzo wakati mwingine limebandikwa juu ya bei ileile ya juzi. Waswahili walikwisha kusema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari lenyewe ni simu iliyo mkononi.

Kwa wanaolianza daftari hilo, Novemba ina zawadi nyingine ambazo pengine ni kubwa kuliko ndege, hasa kwa jiko la Kiswahili. Wiki zinazotangulia Shukrani na Krismasi ndizo wiki za kuoka nchini Marekani, na maduka hushindana kwa unga wa ngano, sukari na siagi. Nyumba inayopika chapati Jumamosi na maandazi kila asubuhi haina wakati bora wa kujaza kabati. Siagi hugandishwa bila kuharibika kwa miezi sita na zaidi. Boga la kopo hujaa madukani wakati huo, na linaingia vizuri katika mchuzi wa nazi au uji wa mtoto. Viazi vitamu vikiwa na bei nzuri vinunuliwe kwa wingi kiasi, viwekwe mahali pakavu penye ubaridi bila kuingizwa kwenye jokofu, maana baridi kali huviharibu kiini.

Familia nyingi za wasemaji wa Kiswahili katika nchi hiyo zimetoka Kongo. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Wengi wao wanaishi katika nyumba za kupanga zenye friza ndogo iliyo juu ya jokofu. Ushauri wa kununua ndege watatu kwao ni maneno matupu kama hauendi na suluhisho la nafasi. Suluhisho moja ni kupima kwanza: ndege wa ratili 12 haingii katika friza iliyokwisha kujaa mikate na barafu, na afadhali kulijua hilo nyumbani kuliko kulijua ngazini ukiwa umembeba. Jingine ni kumwomba mchinjaji wa duka. Baadhi ya kaunta za nyama humkata ndege aliyegandishwa kwa msumeno vipande viwili au vinne. La tatu, ambalo jamii nyingi za Kiafrika tayari zinalifanya kwa mbuzi na ng'ombe, ni nyumba mbili tatu kuchanga friza moja ya sanduku. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kwa saa 48 umeme ukikatika; iliyojaa nusu, saa 24.

Kwa Waislamu, wawe Wasomali, Wabantu wa Somalia, Wazanzibari au Wapwani, sharti ni jingine. Ndege wa senti 97 si lazima awe amechinjwa kwa taratibu zao, na bucha za halali huuza bata mzinga kwa bei ya juu zaidi, nyingi zikihitaji oda wiki mbili au tatu mapema. Nyumba kama hizo hazina sababu ya kujiona zimekosa msimu. Punguzo la unga, sukari, siagi na viazi halimuulizi mtu dini, na mteja anayebeba vitu hivyo tu na kumwacha ndege ndiye anayepata bei za msimu bila kunasa. Anayemtaka ndege halali aulizie bucha zaidi ya moja, mapema Novemba, na ikiwezekana waagize majirani kadhaa kwa pamoja.

Wapo pia wanaomjua bata mzinga kutoka upande wa pili wa kisu. Minnesota ndilo jimbo linaloongoza kwa ufugaji huo, takriban ndege milioni 40 kwa mwaka katika miaka ya kawaida, na katika mji wa Willmar viwanda vya Jennie-O vina wafanyakazi wengi Wasomali, baadhi yao wakiwa wamejifunza Kiswahili katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Husimama saa nyingi kwenye baridi ili nchi nzima ile siku moja. Hayo nayo yawekwe katika hesabu kila tunaposifu nyama rahisi.

Halafu kuna kadi ya msaada wa chakula, SNAP, iliyotegemewa na watu wapatao milioni 42 mwaka 2025. Bata mzinga mbichi au aliyegandishwa hununuliwa kwa kadi hiyo; aliyekwisha kuokwa na kuuzwa akiwa moto haruhusiwi. Kila jimbo lina ratiba yake ya kuingiza fedha, na salio lisilotumika mwezi huu haliyeyuki tarehe ya mwisho, hubaki. Kwa hiyo nyumba inayopokea fedha tarehe za mwanzo ingefaidika kuacha sehemu ya salio mpaka wiki ya pili na ya tatu ya Novemba, bei zinaposhuka. Kupanga huko kulivurugwa vibaya mwaka 2025. Serikali kuu ilifungwa tangu Oktoba 1 hadi Novemba 12, na fedha za Novemba zikachelewa katika majimbo mengi, wiki zilezile ambazo vipeperushi vya bata mzinga vilikuwa vikibandikwa. Watu waliziona bei nzuri wakiwa na kadi tupu. Lilikuwa jambo la aibu kwa nchi yenye maghala yaliyojaa, na waliobeba mzigo ni benki za chakula, makanisa, misikiti na majirani. Benki hizo hugawa ndege kila Novemba, na nyingi hutaka mtu ajiandikishe mapema; kujiandikisha si kuomba, ni haki ya aliyepungukiwa.

Akiba ikishaingia nyumbani, kilichobaki ni kutoiharibu. Kuyeyusha ndege kwenye jokofu huchukua siku nzima kwa kila ratili nne au tano, hivyo wa ratili 16 anahitaji siku tatu hadi nne, na atolewe friza Jumapili kwa mlo wa Alhamisi. Aliyechelewa hutumbukiza ndege katika maji baridi akiwa ndani ya mfuko usiovuja, nusu saa kwa kila ratili, akibadilisha maji kila nusu saa. Kumwacha mezani usiku kucha ni hatari. Nje huyeyuka na kuanza kuota vijidudu huku ndani bado jiwe. Kumwosha ndege kwenye sinki, desturi iliyoenea sana miongoni mwetu, hutawanya vijidudu jikoni pote, na wataalamu wa wizara wanakataza. Kipimajoto cha nyama cha bei nafuu huondoa ubishi wote: nyuzi 165 za Fahrenheit, sawa na 74 za Selsiasi, kwenye paja na kifua.

Baada ya kula, nyama itenganishwe na mifupa na kuingizwa kwenye baridi ndani ya saa mbili. Jokofuni hukaa siku tatu au nne, hazizidi. Iliyobaki igandishwe kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja: fungu la pilau, fungu la sambusa, fungu la kuchanganya na kisamvu. Mifupa ichemshwe siku hiyohiyo na kitunguu, tangawizi na pilipili manga, supu ichujwe na kugandishwa. Nyumba inayofanya hivi hupata milo sita au saba kutoka kwa ndege mmoja bila mtu kulalamika kwamba amechoka na bata mzinga.

Mwaka 2026 Alhamisi ya nne ya Novemba itakuwa tarehe 26. Msikilizaji uliyeko huko, au mwenye ndugu aliyeko huko, ianze kazi mwezi Oktoba: pima friza, kula kilichomo kipungue, andika bei za siagi na unga katika maduka mawili ya karibu, na kama ni halali unayotaka, zungumza na bucha kabla ya Novemba kuingia. Vipeperushi vikianza kutoka usikimbilie cha kwanza. Subiri cha wiki ya pili, soma maandishi madogo, nenda na orodha yako mkononi, na ukishampakia ndege wako kwenye toroli, geuka moja kwa moja kwa keshia.